Mgongo Ambao Haukuwa Mgongo

Mama mwenyekiti, asante kwa kiti. Kirudishe tu, mpe yule bibi aliyesimama mlangoni. Mimi nitakaa hapa chini, mkekani, katikati yenu, miguu nimenyoosha. Mnisamehe mliozoea msemaji asimame. Leo kukaa kwangu ni sehemu ya maneno yangu, na nikifika mbele mtajua kwa nini.

Wa msikitini nimewasalimu, wa kanisani nimewasalimu, na wale mnaochungulia birika la chai nimewaona pia. Ningependa kusema Kimwera, maana kwa Kimwera nacheka vizuri zaidi, lakini humu naona Wamakua na Wamakonde wetu, basi twende na Kiswahili cha shule na cha gulioni. Na nyie wanaume mlioegemea magunia ya ufuta kule nyuma, msitoke. Nawajua. Mkisikia mambo ya akina mama mnakumbuka ghafla kwamba mna mbuzi hajafungwa. Kaeni. Habari hii ina mwanaume ndani yake, na bila yeye isingeisha hivi.

Mimi nimetoka Chiola, upande wa Nachingwea. Nimezaliwa Mtua, nikaolewa Chiola, na leo mmenialika huku kwenu Matambarale, Ruangwa. Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wako hai, wengine wako humu humu ndani.

Mtoto wangu wa nne nilimzaa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Uchungu ulinishika asubuhi, mtoto akatoka kesho yake alasiri. Nilizalia nyumbani, bibi mkunga alikuwa ameshachoka kuliko mimi. Mtoto mkubwa huyo, mashavu huku na huku! Tulimshukuru Mungu, nikakandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji. Wiki ya tatu nilikuwa kisimani. Mnakijua kisima cha bondeni, sihitaji kuwaelezea, hata nyie mnavyo vya kwenu. Ndoo kichwani, mtoto mgongoni, halafu ule mlima.

Siku hiyo nilichuchumaa niinue ndoo, nikasikia kitu kimeteremka. Nikadhani kipande cha kondo kilibaki. Nikaenda nyuma ya kichaka, nikagusa. Kitu laini, cha mviringo, kinachungulia nje. Nikakisukuma kwa kidole kikarudi ndani, nikafurahi, nikasema yamekwisha. Nikainua ndoo. Kikashuka tena. Ndugu zangu, nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilidhani nakufa.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, nawaambia ukweli. Somo yangu, yule aliyenicheza unyago, alinifundisha mengi mazuri na nampenda mpaka leo. Lakini alinifundisha pia kwamba mambo ya huko chini hayatajwi. Ukiumwa huko, alisema, wewe sema mgongo. Wanawake wenzako wataelewa. Kweli, wanawake wenzangu walielewa. Tatizo ni kwamba pale zahanati hapakuwa na somo.

Palikuwa na mganga kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na benchi la wagonjwa limejaa mpaka mlangoni.

"Mama, unaumwa nini?"

"Mgongo."

"Unalima?"

"Nalima."

"Basi ndiyo hiyo." Akanipa vidonge vyeupe na dawa ya kuchua.

Simlaumu yule kijana. Alitibu nilichomwambia. Nikarudi mwezi uliofuata, mgongo. Msimu wa palizi, mgongo. Msimu wa korosho, mgongo. Daftari langu la zahanati lilijaa mgongo mpaka likaisha, nikanunua jingine. Wilaya nzima ya Nachingwea haikuwa na mgongo uliotibiwa kuliko wangu, na wala haukuwa na ugonjwa wowote. Mnacheka? Chekeni. Mimi wakati ule sikucheka.

Kile kitu kiliendelea kushuka. Asubuhi kinakuwa juu juu, jioni baada ya kazi kiko nje, kinachubuliwa na nguo. Mkojo ukawa hautoki vizuri, na nikikohoa unatoka wenyewe. Nilichana kanga zangu nzuri moja baada ya nyingine nikajifunga vipande. Nilifua vipande hivyo peke yangu, mbali na wenzangu. Na kukaa! Sisi akina mama wa huku kazi zetu zote ni za kukaa chini. Unabangua korosho umekaa chini, unapeta ufuta umekaa chini, unamenya muhogo umekaa chini. Mimi nikawa sikai chini. Nikachukua kinu kilichopasuka, nikakipindua, nikakalia ukingo wake kwa upande mmoja. Kila mahali mimi na kinu changu.

Akafariki mama yangu mkubwa kule Mtua. Aliyenilea, ndugu zangu. Mnajua msibani kwetu, wafiwa wanakaa mkekani. Mimi niliingia, nikawaona dada zangu wamekaa, wakanisogezea nafasi. Nikasema naenda kusaidia jikoni. Siku zote za matanga nilisimama jikoni. Ikafika siku ya mwisho nikamsikia mmoja anasema kwa sauti ili nisikie, "Siku hizi wa Chiola wanakuja msibani kusimamia wapishi." Nilikoroga ugali wa watu huku machozi yanaingia sufuriani. Nilimpenda mama mkubwa na sikuweza hata kumkalia msiba. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Nyumbani nako. Mume wangu ni fundi wa vitanda vya kamba, anasuka na kukaza, watu wanamfuata kutoka mbali. Ni mtu mpole lakini mkaidi, akisema hapana imekuwa hapana. Nilihamia kulala na watoto. Akaniuliza kwa nini. Mnajua nilimjibu nini? Mgongo. Hata yeye! Basi yule bwana wa watu, jioni akitoka kazini, ananiambia lala kifudifudi, ananichua mgongo kwa mafuta ya ufuta. Jioni baada ya jioni, mikono yake migumu ya kamba. Na mimi nimelala nalia kimyakimya, kwa sababu mkono wa mume wangu ulikuwa unatafuta maumivu mahali ambapo hayapo.

Akachoka, ni binadamu. Wifi yangu akamshauri, tena mbele yangu, "Kaka, tafuta mwenye mgongo mzima." Na kweli nikaanza kumwona anakuja huku kwenu Ruangwa siku za mnada, kanzu imepigwa pasi, wakati hana kitanda cha kuuza. Huko nyuma naona mtu anajikuna kichwa. Jikune tu, baba, nimeshakusamehe.

Miaka minane ilipita hivyo. Ikaingia miaka ya elfu mbili, zahanati yetu ikaletewa nesi mgeni. Siku moja akaja kitongojini kupima watoto uzito. Mizani ikatundikwa kwenye boriti ya baraza letu, akina mama wamejaa uani, wengine wanabangua korosho huku wakisubiri. Mimi nimo, juu ya kinu changu. Nesi anapima mtoto huyu, anaandika, anapima yule, anaandika, lakini naona jicho lake linarudi kwangu.

"Mama, mbona umekaa hivyo?"

"Mgongo, nesi."

"Mgongo upande gani?"

Wenzangu wakacheka. Mgongo una upande gani tena!

Yeye hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Mgongo una upande wa juu na una upande wa kukalia. Wako ni upi?"

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilikuwa na jiwe la kubangulia mkononi, nikaliweka chini, nikalia. Nililia mbele za watu kama mtoto aliyepotea gulioni akamwona mama yake. Nesi akawaambia, "Nyie endeleeni na korosho zenu, mimi na huyu tunaenda kuangalia mgongo." Akanishika mkono tukaingia ndani.

Aliponiangalia hakushtuka, hakuziba pua. Akasema, "Kizazi kimeshuka." Nikamwuliza nani amenifanyia. Akasema, "Hakuna aliyekufanyia. Uzazi ulikuwa mgumu, kamba za ndani zikalegea, halafu ukabeba ndoo kabla hazijapona. Basi." Nikamwuliza, "Nipo peke yangu?" Akatikisa kichwa. "Mko wengi. Wote mnaumwa mgongo."

Siku ile nilimeza uji wangu wote. Ugonjwa ulikuwa bado uko palepale, lakini ulikuwa na jina, na aliyelijua jina lake alikuwa anajua hata njia ya kuutibu. Kesho yake nilimfuata zahanati, akaniambia, "Hospitali kubwa wanaweza kukirudisha. Watakifunga kikae juu."

Shikeni maneno hayo. Watakifunga kikae juu.

Mimi nikatembea nayo kutoka zahanati mpaka nyumbani, nayarudia njiani nisiyasahau. Nikapika ugali wa muhogo na kisamvu, nikasubiri mume wangu amege matonge mawili matatu. Nikasema, "Baba watoto, nesi anasema niende hospitali nikafungwe kizazi."

Haya, cheka basi, mama, naona umeshaelewa! Tonge likabaki hewani. "Nani kasema tumemaliza kuzaa?"

"Siyo hivyo, ni kwamba..."

"Nani kasema? Nesi? Nesi ndiye mume wako?" Akanawa mikono. "Humu ndani hafungwi mtu kizazi." Akaenda kula kwa mama yake.

Mngesema ningemfuata nikamweleza. Ningemwelezaje? Ili nimweleze, ningelazimika kukitaja kile kitu, na kile kitu sikuwahi kukitaja kwa mtu, nilikuwa nimekiita mgongo miaka minane. Nikanyamaza. Wifi yangu akaeneza habari kwamba nataka kufunga kizazi kwa siri ili nihangaike na wanaume. Miaka miwili mingine ikapita. Miwili, ndugu zangu, kwa neno moja.

Nesi hakuniacha. Alinipatia pete ya mpira, inawekwa ndani, inazuia kizazi kisitoke. Nilimtania, nikamwambia mume wangu alinipa pete moja na wewe umenipa ya pili, sasa niko na waume wawili. Pete ilinisaidia, nisiseme uongo. Wapo akina mama inawatosha maisha yao yote. Yangu ilikuwa inachomoka nikibeba mzigo. Siku moja ilichomoka njiani natoka kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, nikaiokota nikaitia kikapuni, nikafika nyumbani wifi yangu anachambua ming'oko, anaishika, anauliza, "Hiki nacho kinachemshwa?" Nikamwambia hicho acha, ni cha baiskeli.

Sasa sikilizeni siku iliyogeuza mambo. Nesi alikuja nyumbani kuagiza kitanda. Mume wangu yuko barazani anasuka, hamwangalii vizuri, ana kinyongo chake. Mimi niko pembeni juu ya kinu. Nesi akaangalia angalia, akaona kitanda kikuukuu kimeegemezwa ukutani, kamba zinaning'inia.

"Fundi, kile kimekufa?"

"Hakijafa. Kamba zimelegea. Kimelaliwa sana."

"Utakivunja?"

"Nivunje mbao nzima kwa nini? Nakaza kamba."

"Ukishakaza, watu hawawezi tena kukilalia?"

Mume wangu akacheka kwa dharau kidogo. "Dada, unaniuliza mambo gani? Wanalala vizuri zaidi."

Nesi akakaa kwenye gogo. Akasema polepole, "Basi mkeo ni hivyo hivyo. Mbao zake ni nzima. Kamba zinazoshikilia kizazi ndizo zimelegea, kizazi kimeshuka mpaka nje, na ndiyo maana anakalia hicho kinu. Daktari anataka kukaza kamba tu. Hakuna anayetaka kuvunja kitanda, na hakuna anayetaka kufunga mlango."

Kamba ikaacha kulia mkononi mwake.

"Kukaza?"

"Kukaza."

Akanigeukia. "Mama watoto. Mbona uliniambia kufunga?"

Nikamwambia, "Nesi alisema watakifunga kikae juu. Mimi nikakwambia watanifunga kizazi. Neno juu nililiacha njiani."

"Na mgongo?"

"Sina mgongo, baba watoto. Sijawahi kuumwa mgongo."

Akaiangalia mikono yake, kwanza huu, halafu huu. "Miaka yote ile nilikuwa nachua nini?"

Nilicheka, jamani, na nililia, vyote kwa pamoja, na yeye akaweka kamba chini akaja akachuchumaa mbele ya kinu changu, mbele ya mgeni, jambo ambalo halifanyi. Akasema, "Nilidhani umenichukia." Nikamwambia, "Nilidhani utanichukia." Hapo ndipo nilipoanza kupona. Kisu kilikuja baadaye.

Nesi alitueleza ukweli wote, hakuficha. Alisema nikibeba mimba tena baada ya kukazwa, kamba zinaweza kulegea upya. Mume wangu akasema watoto wanne wanatosha, alichokataa ni kuamuliwa. Nikamwambia basi tumeamua pamoja. Wiki haikupita, nesi akapanda juu ya kichuguu cha nyuma ya zahanati, maana ndipo simu yake ya mkononi ilipokuwa inashika, akazungumza na hospitali moja ya misheni. Wakamwambia kuna madaktari wageni wanakuja, wanafanya upasuaji wa matundu madogo.

Tulisafiri mimi na mume wangu juu ya lori la korosho, tukafika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Dar es Salaam. Wodini tulikuwa akina mama kadhaa, na kila mmoja alipangiwa lake. Mwenzangu wa kitanda cha jirani, mtu mzima, yeye alitolewa kizazi kwa njia ile ile ya uzazi, bila kupasuliwa tumbo, na akapona vizuri. Mimi daktari alisema kizazi changu kizima, kitabaki.

Akatuchorea kwenye karatasi. "Nitatoboa matundu manne madogo tumboni. Moja naingizia kamera, naona kila kitu kwenye televisheni. Mengine naingizia vyuma vyembamba vya kushonea. Nachukua kipande cha wavu laini kama wa chandarua, nashona upande mmoja kwenye kizazi, na upande wa pili naufunga hapa."

Mume wangu akainama kwenye karatasi. "Hapa ni wapi?"

"Ni mfupa. Huku chini, mwisho wa mgongo."

Akaruka kwenye kiti. "Kumbe mgongo umo!"

Daktari wa watu hakuelewa kwa nini tunacheka mpaka tunafuta machozi. Tukamweleza. Naye akacheka. Mgongo nilioupakazia uongo miaka kumi, ndio ulikuja kunibeba.

Mume wangu alikuwa hajamaliza. Fundi ni fundi. Akauliza, "Unafunga fundo gani?" Nikamkanyaga mguu. Lakini yule mama hakukasirika, akatoa uzi mfukoni, akaufunga kwenye mkono wa kiti, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mume wangu akauvuta. Akauvuta kwa nguvu. Akasema, "Hili halifunguki." Daktari akamwambia huko ughaibuni siku hizi kuna mashine, daktari anakaa pembeni anaichezesha, mikono ya chuma ndiyo inayofunga mafundo ndani ya mgonjwa. Mume wangu akafikiri. "Mimi namtaka huyu mwenye mikono ya nyama, ambaye nimeona fundo lake." Akaweka sahihi yake chini ya yangu.

Niliogopa, nisiwadanganye. Nilipolazwa pale kwenye taa kubwa nesi wa chumba akaniambia nihesabu, nilihesabu Kimwera, sikufika mbali. Nilipoamka nilijipapasa tumbo nikitafuta mshono mrefu kama wa shangazi yangu aliyepasuliwa zamani. Nikakuta plasta nne ndogo. Nikasema hawajanifanya, wameahirisha. Nesi akaniambia, "Mama, umeshakazwa."

Siku ya tatu nilikuwa natembea. Daktari alinipa masharti, miezi mitatu nisibebe ndoo, nisitwange, nisilime. Masharti hayo mnayajua, kwa mwanamke wa kwetu ni sawa na kuambiwa usipumue. Lakini mume wangu aliyasikia kwa masikio yake. Tuliporudi Chiola akafunga madumu kwenye baiskeli akaenda kisimani. Wanaume wenzake wakamcheka, wakamwita bibi harusi. Akawaambia, "Nimegharamia kukaza kamba, siwezi kuacha watu warukeruke juu ya kitanda." Na wifi yangu, yule yule, alikuja kunitwangia miezi yote mitatu. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Alitwanga.

Bado nina mambo madogo. Nikicheka sana, mkojo unaniponyoka kidogo, kwa hiyo mkinichekesha leo mjue mnanitafutia kazi ya kufua. Daktari alisema hakuna aliyeahidiwa kurudi kuwa msichana. Nimekubali.

Mwaka uliofuata tulifiwa, alikuwa mama mkwe wangu. Niliingia msibani, wafiwa wamekaa mkekani, wakanisogezea nafasi kwa mazoea tu, macho yao yanaangalia jikoni. Nikavua ndala. Nikakaa. Chini kabisa, pande zote mbili, miguu nimenyoosha, hivi hivi mnavyoniona. Nikamlilia mama mkwe, na ndani ya kilio hicho nikamlilia na mama yangu mkubwa wa Mtua, ambaye sikumkalia. Nililia vizuri sana siku ile. Wifi yangu akanishika bega.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari, popote alipo na uzi wake. Namshukuru wifi kwa mchi wake. Namshukuru fundi wangu, ambaye anajifanya anahesabu magunia kule nyuma. Na namshukuru nesi, ambaye mlidhani yuko kwetu. Alihamishiwa huku kwenu mwaka huu, na ndiye aliyeniita. Yuko chumba cha pili hapo, mlango una pazia, hakuna benchi la watu wa kukusikia.

Ninachowaachia ni hiki. Semeni neno lote, msiache nusu njiani. Mwambie nesi mahali panapouma, umwambie na mumeo alichosema nesi, mpaka neno la mwisho. Na nyie wanaume, mke wako akikwambia mgongo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, weka mafuta chini umwulize.

Sasa mnisikilize kwa utulivu. Nimekaa hapa mkekani tangu nianze, nawaangalia, na mimi macho yangu ni ya miaka kumi juu ya kinu. Humu ndani nawaona waliokaa kwa upande mmoja. Mmoja amekalia tofali. Sitamtaja, na nyie msigeuke kuangalia.

Chai ikishanywewa sitaondoka. Nitabaki hapa hapa mpaka wote mtoke. Njoo, dada yangu. Ukishindwa kulisema, sema tu unaumwa mgongo. Nitakuuliza upande gani.